Vitone Viwili Juu ya Herufi: Safari ya Mwandiko wa Kige'ez Hadi Kwenye Kompyuta

Neno ገና lina herufi mbili tu, na mtu anayesoma Kiamhari akikutana nalo gazetini hulazimika kutazama maneno ya jirani kabla hajajua alitamke vipi. Likisomwa gena, maana yake ni "bado". N ikikazwa, genna, limekuwa Krismasi, sikukuu ambayo Kanisa la Tewahedo la Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari. Ndivyo ilivyo kwa ዋና pia: wana ni kuogelea, wanna ni kitu kilicho kikuu. Na አለ, neno lisilokosekana katika hadithi yoyote ya Kiamhari, huweza kuwa ale, "alisema", au alle, "yupo". Kitabu kizima huandikwa, kikachapwa na kuuzwa bila alama hata moja ya kumwonyesha msomaji konsonanti ipi ikazwe na ipi iachwe nyepesi. Mzawa wa lugha hahangaiki. Mgeni anayejifunza, na kompyuta inayotakiwa kusoma kwa sauti, ndio wanaotoka jasho.

Aliyepitia chuo cha Kurani Lamu, Mombasa au Unguja atauliza mara moja: kwani hawana shadda? Wanayo, kwa namna yao. Ni vitone viwili vidogo vinavyokaa juu ya herufi inayokazwa, na vimezoeleka zaidi katika kamusi, vitabu vya sarufi na vya kufundishia. Lakini shadda ya Kiarabu ilikuwamo katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi ya dunia namba yake ya kompyuta, tangu toleo la kwanza la mwaka 1991. Vitone vya Kihabeshi viliingia Machi 2005, na toleo la 4.1. Kabla ya hapo mtu angeweza kuvichora kwa kalamu au kuvibandika kwa ujanja wa fonti fulani, ila hakuweza kumtumia mwenzake andiko lenye vitone akiwa na hakika kwamba vitafika salama.

Kisa cha kuchelewa huko si uzembe wa mtu. Kimo ndani ya mwandiko wenyewe, ambao kwa karne nyingi umekuwa na tabia moja: alama ikiwekwa juu au ubavuni mwa herufi, haikai muda mrefu kabla haijamezwa na kuwa kiungo cha herufi hiyo.

Mwandiko huu, wa lugha ya kale ya Kige'ez, ulichipuka kutoka katika mwandiko wa kale wa Arabia ya Kusini, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, na ulianza kama ndugu zake wa Kisemiti: konsonanti tupu, irabu anazijua msomaji. Maandishi ya mawe ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, yanaonyesha mageuzi yakitokea. Katika enzi ya mfalme Ezana, karne ya 4, yapo maandishi yasiyo na irabu na yapo mengine ambamo kila herufi imeshaongezewa kijiti, pete au mkunjo wa kuonyesha irabu yake. Wayahudi na Waarabu walipokuja kuongeza alama za irabu, waliziacha zikielea juu na chini ya mstari, na mpaka leo mtu anaweza kuziondoa zote na andiko likabaki zima. Wahabeshi walizishikiza moja kwa moja mwilini mwa herufi.

Chukua ለ, herufi ya L. Kijiti kidogo kikitokeza katikati upande wa kulia inakuwa ሉ, lu. Kijiti kikishuka hadi unyayoni ni ሊ, li. Mguu wa kulia ukirefushwa ni ላ, la, na pete ikifungwa mguuni ni ሌ, le. Mpaka hapo mtu anaweza kudhani ameelewa kanuni. Kisha anafika kwenye safu ya sita, ile ya irabu fupi au ya kutokuwa na irabu kabisa, na kanuni inavunjika: ል inajikunja juu, ር inavunjika pembeni, ም inaota mkia, kila moja kivyake. Mtoto anayesoma fidel, kama Waethiopia na Waeritrea wanavyoliita jedwali lao la herufi, hakariri konsonanti na alama mbalimbali. Anakariri jedwali zima kwa kuimba, mstari baada ya mstari: konsonanti 26 za Kige'ez mara safu saba za irabu, jumla herufi 182.

Kiamhari kilipoanza kuandikwa, kikiwa na sauti ambazo Kige'ez hakikuwa nazo, tabia ileile ikajirudia. Juu ya ሰ, S, pakawekwa kistari, ikawa ሸ, sh. ተ ikavikwa kofia na kuwa ቸ, ch. ነ ikawa ኘ, sawa na ny yetu. ደ ikawa ጀ, j. Mtu mwenye jicho la fundi anaona hapo alama moja inayofanya kazi ileile kila mahali. Wenyewe wanaona herufi mpya, kila moja na safu zake saba.

Wachapaji walikuwa wa kwanza kulipia gharama ya ukarimu huu. Kitabu cha kwanza cha Kige'ez kilichochapwa kwa mashine ni Zaburi ya mwaka 1513, iliyotoka Roma, kazi ya padri Mjerumani Johannes Potken aliyewasikia mahujaji Wahabeshi wakiimba ibada yao mjini humo, akajifunza lugha kwao, na akakitangaza kitabu chake kuwa cha Kikaldayo. Jina alikosea, herufi alipata. Kila silabi ilibidi ichongwe na kumiminwa risasi peke yake, na hali haikubadilika sana viwanda vya uchapaji vilipofika Addis Ababa karne nne baadaye: mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba zaidi ya mia mbili, wakati mwenzake wa gazeti la Kiingereza alikuwa na herufi 26 kwa ukubwa wa aina mbili.

Taipureta ndiyo iliyogoma kabisa. Mashine ya kawaida ina vitufe arobaini na kitu, na hata kila kitufe kikibeba alama mbili, fidel haitoshei. Mhandisi Ayana Birru, mmoja wa Waethiopia waliosomea ufundi huo mapema katika karne ya 20, alilitatua tatizo kwa kuirudisha saa nyuma: akazitenganisha konsonanti na alama zake za irabu. Mpigataipu aligonga herufi, kisha akagonga kijiti au pete iangukie ubavuni mwake. Kwa lugha ya mafundi wa kompyuta wa leo, hiyo ilikuwa alama ya kupachika, yaani alama isiyosimama peke yake bali hukaa juu au kando ya herufi iliyotangulia.

Ilifanya kazi. Ofisi za serikali zilijaa barua zilizopigwa kwa mashine za namna hiyo. Tatizo lilikuwa sura. Pete haikugusa mguu, kijiti kilikaa mbali na mwili, na herufi za safu ya sita zilibidi zichongewe umbo jipya ili zipatikane kwa vipande. Watu waliozoea mwandiko wa vitabu vya ngozi vya mji wa Gondar, ambamo kila herufi ni nene, imara na ya kipande kimoja, waliona herufi zilizovunjika mifupa. Walisoma kwa kuwa ilibidi wasome.

Kompyuta zilipoingia miaka ya 1980, waandika programu wa kwanza, wengi wao Waethiopia walioishi Marekani, walirithi ugumu uleule kwa namna nyingine. Fonti za wakati huo zilikuwa na nafasi 256 na hakuna zaidi, na fidel ya Kiamhari pamoja na tarakimu na alama za kituo inapita idadi hiyo. Wengine waliigawa kati ya fonti mbili au tatu. Wengine wakarudi kwenye mbinu ya taipureta na kuunganisha vipande kwenye skrini. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, hivyo barua iliyoandikwa kwa programu moja ilifunguka katika nyingine kama mchanganyiko wa mabano, alama za dola na herufi za Kifaransa zenye vikofia. Nje ya programu hizo watu waliandikiana barua pepe kwa herufi za Kilatini. Yitna Firdyiwek na Daniel Yacob wakaweka utaratibu maalumu wa kufanya hivyo, ulioitwa SERA, ili angalau kila silabi iwe na tahajia moja inayoweza kurudishwa katika fidel bila kubahatisha.

Swali lililofika mezani kwa Unicode mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa jepesi kulitaja: herufi ya Kihabeshi ni kitu kimoja au ni viwili? Hoja ya kuwa viwili ilikuwa na nguvu. Miandiko ya India, ambayo nayo hubandika irabu kwenye konsonanti, iliandikwa hivyo: konsonanti ina namba yake, irabu ina yake, na fonti huziunganisha. Kwa njia hiyo fidel yote ingeenea katika namba chini ya hamsini. Joe Becker wa Xerox, mmoja wa waasisi wa Unicode, alishughulikia rasimu ya Kihabeshi akisaidiana na Fesseha Atlaw, mhandisi aliyeandika mojawapo ya programu za kwanza za Kiamhari. Njia iliyoshinda ilikuwa ile ya mtoto wa shule: kila silabi namba yake.

Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa wapo mafundi wanaouona wa ubadhirifu hadi leo. Fonti za wakati ule hazikuweza kutegemewa kuunganisha vipande kwa uzuri, na taipureta ilikuwa imekwisha kuonyesha matokeo. Isitoshe, uliendana na namna wenye mwandiko wanavyoufikiria. Unicode 3.0, iliyotoka Septemba 1999, ikawa na alama 345 za Kihabeshi: silabi, tarakimu na vituo, pamoja na vile vitone ፡ vinavyotenga maneno katika maandiko ya zamani. Zilipangwa kwa ustadi. Kila konsonanti ilitengewa nafasi nane mfululizo, ili programu inayotaka kujua irabu ya silabi yoyote igawanye namba kwa nane na kutazama baki. Muungano wa konsonanti na irabu ambao jicho hulishwa kama umbo moja umefichwa pale, katika hesabu.

Vile vistari vya ሸ na ቸ havikupewa namba ya peke yake. Vilikuwa vimekwisha kumezwa.

Kukaza ndiko kulikobaki nje, na hapa ndipo mwandiko ulipokataa tabia yake. Kama wenyeji wangelikuwa wamekwisha kuvishikiza vitone viwili kwenye herufi kama walivyofanya na kila kitu kingine, Unicode ingelazimika kuongeza silabi nyingine kwa mamia, kila moja na pacha wake mwenye vitone. Lakini hakuna mtoto anayefundishwa kwamba ና yenye vitone ni herufi tofauti na ና isiyo navyo. Vitone ni msaada kwa msomaji. Huwekwa panapohitajika na kuachwa pasipohitajika. Na hakuna aliyefaulu kuvifanya kuwa lazima. Haddis Alemayehu, mwanadiplomasia aliyepigania marekebisho ya tahajia ya Kiamhari, alijaribu kwa mfano: katika riwaya yake Fikir Eske Mekabir, ya miaka ya 1960, alitia nukta juu ya kila herufi inayokazwa. Riwaya ikawa miongoni mwa vitabu vinavyopendwa kuliko vyote katika lugha hiyo. Nukta zake hazikupata wafuasi. Wanakamusi nao walizunguka tatizo. Wolf Leslau, katika kamusi yake fupi ya Kiamhari na Kiingereza ya mwaka 1976, aliweka kando ya kila neno matamshi kwa herufi za Kilatini, na huko ndiko msomaji anakoona kama ni n moja au mbili.

Kwa lugha nyingine kukosekana kwa alama hakukuwa usumbufu mdogo. Kioromo hutofautisha maneno kwa kukaza konsonanti na kwa kurefusha irabu pia: badaa ni kibaya, baddaa ni nyanda za juu zenye baridi, lafa ni ardhi, laafaa ni dhaifu. Fidel haikuonyesha lolote kati ya hayo mawili, ijapokuwa Onesimos Nesib alitafsiri Biblia nzima kwa Kioromo na kuichapisha kwa fidel mwaka 1899. Mwaka 1991, utawala wa kijeshi wa Mengistu ulipoanguka, Waoromo walichagua Qubee, alfabeti ya Kilatini inayorudia herufi pale sauti inapokazwa au kurefushwa. Sababu za kisiasa zilikuwapo na hazikufichwa, maana fidel kwao ilikuwa mwandiko wa dola iliyowapiga marufuku kuichapa lugha yao. Lakini hoja ya sauti ndiyo iliyosemwa kila mara, na ilikuwa ya kweli. Alama ambayo ingeijibu nusu yake ilipata namba ya kompyuta miaka 14 baadaye.

Toleo la 4.1 liliongeza alama 11 katika jedwali kuu la Kihabeshi, na kati ya hizo moja tu ndiyo ya kupachika: 135F, vitone vya kukaza. Namba moja ikatosha silabi zote. Mwandishi anapiga ና, kisha anapiga alama, na inapanda juu ya herufi iliyoitangulia: ና፟. Kwenye karatasi ya mradi hilo ni jambo la mstari mmoja. Kwa mchora fonti ni kazi ya wiki. Herufi za Kihabeshi hazina upana mmoja wala kimo kimoja. ሠ imetanuka, ነ ni nyembamba, ቐ tayari ina kistari kichwani, na ሸ nayo. Kila silabi lazima itiwe ndoana isiyoonekana, mahali hasa ambapo vitone vitashika, la sivyo vitaelea kando au kugongana na kistari. Abyssinica SIL, fonti ya bure iliyochorwa kwa kufuata mwandiko wa mkono, ni miongoni mwa zilizojipa taabu hiyo. Fonti isiyo na alama humwonyesha msomaji kisanduku kitupu, au kiduara cha nukta nukta kinachosubiri herufi ambayo imeshapita.

Kuna tabu nyingine inayowapata wenye maktaba za kidijitali. Kwa kompyuta, neno lenye vitone na lisilo navyo ni mifululizo miwili tofauti ya namba. Programu ya kutafuta isiyofundishwa kuruka alama za kupachika itapekua kitabu kizima cha kiada chenye vitone na kujibu kwamba neno halimo.

Mwaka 2010, kwa toleo la 6.0, zikaja alama mbili zaidi kwa ajili ya Kibasketo, lugha ya Kiomoti ya kusini-magharibi mwa Ethiopia ambayo, kama Kioromo, inahitaji kuonyesha urefu wa irabu. Moja ni ya kurefusha irabu. Nyingine ni ya kurefusha na kukaza kwa pamoja, na sababu yake inaeleweka mara tu mtu akikumbuka kwamba herufi moja ya Kihabeshi hubeba konsonanti na irabu kwa wakati mmoja: zote mbili zinaweza kudai alama, na mahali pa kuiweka ni palepale juu ya kichwa. Badala ya kurundika alama mbili, wakatengeneza ya tatu. Zikapewa namba 135D na 135E, nafasi zilizokuwa tupu kando ya vitone vya kukaza.

Alama za zema, yaani nyimbo za ibada, zilikwenda njia nyingine. Mapokeo ya Kanisa humpa Yared wa Aksum, aliyeishi karne ya 6, heshima ya kuutunga uimbaji huo; alama za kuuandika huhesabiwa kuwa kazi ya Gera na Raguel, wanazuoni wa karne ya 16, wakati wa mfalme Galawdewos. Katika Deggua, kitabu cha nyimbo hizo, mstari wa maneno umevikwa juu yake mstari mwingine wa wino, mdogo na uliosongamana: vifupisho vya silabi moja au mbili vinavyomkumbusha mwimbaji kipande cha wimbo anachokijua kwa moyo, na katikati yake vialama vilivyopinda. Difat humwambia ateremshe sauti, rikrik aitetemeshe, qurt aikate. Mwanafunzi huko Bethlehem, kituo mashuhuri cha Deggua kusini mwa Gondar, huchukua miaka kadhaa kuyameza haya, kwa masikio kwanza, macho baadaye.

Vialama kumi vya zema viliingia Unicode mwaka uleule wa 2005, kuanzia namba 1390 hadi 1399. Mtu angetazamia vipachikwe juu ya herufi kama vitone. Havikupachikwa. Vimeandikishwa kama alama zinazojitegemea, na kazi ya kuvipandisha juu ya maneno ikaachiwa programu ya kupangia kurasa. Anayetaka kuandika Deggua kwenye kompyuta ya kawaida bado anahangaika, kwani programu nyingi za ofisini hazina njia rahisi ya kuendesha mistari miwili inayofuatana neno kwa neno. Hata hivyo ni vigumu kuona njia nyingine. Vile vifupisho vidogo ni herufi za kawaida, na kama kialama kingepachikwa juu ya neno huku jirani yake wa wino uleule akibaki herufi, mstari mmoja wa wimbo ungekatwa vipande vya aina mbili.

Jedwali nalo halijafungwa. Lugha za Kigurage, zinazozungumzwa kusini-magharibi mwa Addis Ababa, zina sauti za kuviringa midomo ambazo fidel ya Kiamhari haizifahamu, na waandishi wake wamekuwa wakiongeza vijiti na mikunjo juu ya herufi za zamani kama waandishi wa Aksum na wa Kiamhari walivyofanya kabla yao. Silabi 16 za Kigurage zilikubaliwa mwaka 2005. Tahajia ikarekebishwa, na Septemba 2021 toleo la 14.0 likafungua jedwali jipya kwa ajili yao, lenye silabi 28. Kufikia mwaka huo fonti zilikuwa zinaweza kuunganisha vipande bila kuvivunja mifupa, na njia ya miandiko ya India ingeweza kujaribiwa bila aibu ya taipureta. Zote 28 ziliingia kama herufi kamili, na hakuna alama ya kupachika hata moja miongoni mwao.